Mamba wa Makwale

Mimi ni fundi cherehani wa Mbugani, lakini ukinipa kamera najiona bingwa wa wanyama. Jumamosi iliyopita nilikwenda Makwale kupiga picha za ndege na maua ya mtoni. Katikati ya matete nikaona mgongo mweusi wenye magamba, umelala kimya majini. Mamba! Nikapiga picha mbili, kisha nikatimua mbio hadi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti akaitazama picha, akaguna. "Fundi, umeokoa watu."

Hapo kichwa kikanivimba.

Siku tatu hakuna aliyekanyaga mtoni. Watu walioga maji ya kikombe na nguo chafu zikarundikana. Siku ya nne wanaume wakakusanyika na mikuki na mapanga, nami nikaombwa nitangulie. Nilitembea kifua mbele, kamera shingoni.

"Yule pale," nikanong'ona. "Hajasogea hata kidogo. Mamba mzee ana hila sana."

Wote wakachutama nyuma yangu.

Mara akashuka mama mmoja na beseni la nguo kichwani. Alikuwa amerejea asubuhi hiyo kutoka Malawi kwa dada yake, hana habari. Nikampungia mikono arudi. Akadhani namsalimia.

"Ndaga, baba!" akaitikia, akaingia majini hadi magotini, akatandika shati lenye sabuni juu ya mgongo wa mamba wangu na kuanza kulisugua.

"Jamani baba zangu," akasema bila kuinua kichwa, "nani kanigeuzia gogo langu la kufulia?"