Mtumbwi Uliokatwa Mkia

Mzee Machibya alianza kuchoka mwaka ule alipoukata mkia mtumbwi wake. Mbao za nyuma zilikuwa zimeoza, na nyingine hakuwa nazo. Akaona afadhali mtumbwi mfupi kuliko kukaa kisiwani bila chombo. Akaondoa palipooza, akafunga mashine mbele kidogo, maisha yakaendelea. Ndivyo alivyodhani.

Tangu hapo hakufika mapema tena mwalo wa Kemondo, panaposhushwa na kuuzwa dagaa. Akalaumu plagi, akalaumu mafuta, hata upepo akauonea. Mwishowe akafunga mashine kubwa zaidi. Ikawa kelele tu: pua juu, nyuma kumezama kama bata aliyekalia mkia, na mtumbwi mrefu wa Ombeni, mvushaji mwenzake, wenye mashine ndogo, ukimpita taratibu huku mwenyewe akimpungia mkono.

Wachuuzi wa dagaa wakamhama mmoja mmoja, maana anayechelewa mwaloni huwakuta wanunuzi wameondoka. Akabaki Consolata, mjane kutoka Izimbya, aliyevuka naye tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Naye juzi alimwambia, bila kumtazama, kwamba wakichelewa tena Jumamosi atahamia kwa Ombeni. Machibya hakupata usingizi. Kuvuka ziwa bila yule mama wa kumtania, aliona ni heri asivuke.

Akamwita Haruni, fundi mitumbwi. Haruni hakuigusa mashine. Aliuzunguka mtumbwi, akauliza mkia umekwenda wapi.

“Mzee, mtumbwi hujitengenezea wimbi,” akasema. “Ukizidi kukimbia, wimbi linarefuka. Likiuzidi mtumbwi urefu, mkia unakosa pa kukaa, unaingia shimoni. Hapo unapanda mlima usioisha.”

“Na mashine?”

“Inakuongezea mlima. Wa Ombeni ni mrefu, unakimbia zaidi kabla wimbi halijaushinda.”

Kuurefusha kuliwezekana, ila mbao ni za kusubiri kutoka ng'ambo. Machibya akashukuru, akaketi juu ya jiwe. Hata kusimama kulimchosha.

Jumamosi, Consolata akiwa juu ya magunia yake, Machibya alikaza mashine kama kawaida. Pua ikapanda. Akakumbuka, akailegeza. Pua ikashuka, kelele ikapungua, wakaweza kusikiana.

Consolata akaangalia ufuko. “Mbona tunakwenda vilevile?”

Akamweleza yote, na habari ya mkia. Mama akamtazama Ombeni akiwapita.

“Kumbe siku zote hizi unanipandisha mlima.”

“Nimekuchosha, mama.”

Walichelewa. Dagaa wengine walirudi kwenye magunia. Consolata alipokuja kuchukua beseni lake, Machibya alisubiri kuagwa.

“Kama mtumbwi hauwezi kukimbia, basi utangulie,” akasema yule mama. “Jumamosi ijayo tuondoke kabla ya jogoo. Na hiyo mashine usiikaze, nataka kulala njiani.”

Machibya akaitikia. Alifurahi, kweli alifurahi. Ila alipowaza kuamka kabla ya jogoo, mwili ulimlegea, akajinyoosha pale pale mtumbwini, aanze kulala mapema usingizi atakaoukosa Jumamosi hiyo.