Babu Hakutupwa Hata Kidogo

Ukoo wetu unaweza kugawana shamba la migomba kwa nusu saa, lakini kuchagua fomati ya kuhifadhia CD za babu kulituchukua kikao kizima.

Babu alipiga enanga, ile ala ya mbao yenye nyuzi, na kuimba kwa Kihaya hadi wageni wakasahau kuondoka. Kabla hajafariki alijirekodi kwenye CD kumi na moja, ambazo bibi anazitunza Izigo ndani ya kopo la biskuti. Deki yake ilikufa zamani. Amebaki na sabufa ya kuchomeka flash, na alichotaka ni kimoja tu: amsikie mume wake siku ya misa ya kumkumbuka.

Kazi nilipewa mimi kwa sababu nasoma kompyuta shuleni na sijui kukataa. Nyumbani Kagondo nilizinakili zote kwenye laptop ya shangazi kwa MP3, jioni moja tu. Kosa langu ni kwamba baba mdogo aliponiuliza nimetumia fomati gani, nilimwambia ukweli.

Baba mdogo anaishi Mwanza na ana spika mbili ndefu kuliko mimi. Akaitisha kikao. Omwani, kahawa yetu ya kutafuna, ikapitishwa, watu wakatafuna buni taratibu, naye akasimama.

"MP3 inatupa sauti," alisema. "Inachagua yale ambayo sikio halisikii, inatupa. Sasa niambieni, nani humu ana mamlaka ya kutupa sauti ya marehemu?"

Nani angeinua mkono?

"Inatupa kiasi gani?" aliuliza mzee mmoja.

"Nyingi, waitu," baba mdogo alimjibu kwa heshima ya Kihaya. "Unaweza kukuta wametupa ubeti mzima."

Shangazi akajishika kifua. Ikapitishwa kwa kauli moja: FLAC, faili kubwa lisilotupa kitu. Mimi nilijua sabufa ya bibi inasoma MP3 peke yake. Likizo iliyopita niliijaribu kwa nyimbo zangu. Nilifungua mdomo. Baba mdogo akaniangalia, nikaufunga, nikajifanya nina buni kwenye jino. Bibi hakuulizwa. Sabufa ndiyo kabisa.

Nikarudia CD zote kumi na moja.

Siku ya misa tulirudi kutoka kanisani, watu wakajaa uwanjani, bibi akakaa kwenye kiti mbele ya sabufa, amevaa gauni lake jipya la gomesi. Baba mdogo akahutubia kuhusu ubora, kisha akachomeka flash. Sabufa ikawaza, ikaandika ERR, ikarukia redio: tangazo la dawa ya kuku.

Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Kuku tena.

"Flash mbovu hii."

Mara ya tatu: "Sabufa mbovu hii."

Mara ya nne akanitazama mimi.

Bibi akainama karibu na spika. "Yumo humo?"

"Yumo, mama. Yumo mzima mzima, hakupunguzwa chochote."

"Mbona hasemi?"

Wageni wakacheka, baba mdogo naye, kwa shida. Bibi hakucheka. Alianza kukunja leso yake, vile anavyofanya akitaka kuinuka na kwenda zake jikoni, na hilo ndilo lililonisimamisha.

"Naomba niijaribu ndani, baba mdogo." Sauti yangu ilitoka ndogo, hiyo kwa kweli ilikuwa imepunguzwa.

Chumbani niliwasha laptop ya shangazi, aliyokuja nayo, nikafuta FLAC zote kwenye flash, nikaweka zile MP3 za jioni moja. Nikarudi, nikachomeka mwenyewe.

Enanga ikalia. Babu akaimba. Katikati ya wimbo akakohoa, akasema kwa Kihaya aletewe maji, na bibi akaitika "Naja!" huku ameshanyanyuka nusu kutoka kitini. Kisha akakaa, akajifuta uso kwa leso, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Na kikohozi chake kipo," aliniambia.

"Mnasikia?" Baba mdogo alikuwa amefumba macho. "Kikohozi hicho kwenye MP3 msingekisikia ng'o! Si kweli, binti?"

"Kweli, baba mdogo."

Nilimwachia bibi nyimbo zote kwenye flash nyingine. Ile ya kwanza baba mdogo aliondoka nayo Mwanza. Nasikia huwapigia rafiki zake nyimbo hizo kwenye gari, ili wajue tofauti.