Besi Iliyolala na Maharage

Nimepiga gitaa la besi miaka ishirini na tisa, kwenye harusi na sherehe za kipaimara, kuanzia Ngara hadi Biharamulo, na sikumbuki mtu aliyewahi kunisifu. Besi ikiwepo, watu husema mwimbaji ana sauti nzuri. Ikikosekana ndipo wanaulizana kimepungua nini.

Msimu uliopita ilianza kukosekana. Spika yangu, boksi jepesi la plastiki, ilikuwa inakoroma badala ya kunguruma. Kiongozi wa bendi akaniita pembeni na kuongea kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. Harusi ya Nyarubungo ilikuwa baada ya wiki mbili. Kama siku hiyo besi haitasikika mpaka kwa wapishi, alisema, mpiga kinanda ataipiga kwa mkono wake wa kushoto na mimi nitakuwa huru. Neno zuri sana hilo, huru, ukiwa na miaka hamsini na sita na hujui kazi nyingine.

Nilijua boksi moja tu la kuniokoa. Lilikuwa Nyamiaga, kwa mjane wa fundi aliyenifundisha besi: la mbao nzito, la enzi za bendi zenye tarumbeta, lenye matundu mawili ya spika pana kama sinia. Nikapanda kwenda huko. Nilimkuta mama anachambua maharage, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaulizana habari za mvua na mibuni. Spika alikuwa amezifungua siku nyingi, akazifunga kwa kanga na kuziweka juu ya kabati. Boksi lenyewe lilikuwa stoo, matundu yamezibwa kwa mbao, ndani limejaa maharage.

Nilianza kwa kulikosoa, kama inavyotakiwa. Nikasema kona zimechoka, na kwa ukubwa ule halitapita mlangoni.

"Liliingia kwa mlango huohuo," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Pesa hakutaka, pesa haitunzi maharage. Nikamwahidi pipa moja la plastiki lenye mfuniko. Akataka mawili. Tukayapima yale maharage, yakawa debe tisa. Nikayapima tena, yakawa tisa. Nikamwonyesha kwamba yote yanaingia kwenye pipa moja na nafasi inabaki.

"Moja la maharage," akasema. "La pili la kunisahaulisha kwamba mume wangu alikuwa anapigia besi kwenye boksi hilo."

Nimeshindana na madalali wa ndizi na wenye magari, lakini safari hii nilikwenda dukani moja kwa moja. Nikaleta mapipa mawili.

Nyumbani Biharamulo nikaanza kulisafisha. Maungio yote ya mbao yalikuwa yamejaa nta ya nyuki, nyeusi, iliyoshika vumbi na maganda ya maharage. Nilikwangua kwa kisu siku mbili, mpaka mbao ikang'aa. Nikarudisha spika, nikakaza boliti kumi na sita, nikazihesabu upya, nikachomeka gitaa. Ikatoka sauti ya mtu anayekung'uta mkeka nyumba ya jirani.

Nikabadilisha waya. Nikageuza boksi likatazama ukuta. Nikalaumu umeme. Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, nikampigia mama simu, na nia yangu, kusema kweli, ilikuwa kudai angalau pipa moja lirudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile nta umeiacha?" akauliza.

"Nimeitoa yote, mama. Ilikuwa chafu."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Mwanangu, boksi likivuja hewa, fukusi wanakula maharage. Lisipovuja wanakufa. Unadhani nilijifunzia wapi kuliziba? Mume wangu alilipaka nta kila mwaka, kabla halijaona hata punje moja. Alisema hewa ikitoka, na besi inatoka nayo."

Miaka yote niliyofundishwa na yule mzee nilikuwa natazama vidole vyake. Mkewe alikuwa anatazama boksi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Bisibo kwa mrina asali. Nta ile ile niliyoitupa bure, sasa nilibembeleza nipewe. Niliiyeyusha, nikaipaka kwenye maungio yote, ikapoa. Kisha nikasukuma spika ya juu taratibu kwa kiganja, na ya chini ikajitokeza nje yenyewe. Nilipoachia, zikarudi polepole, kama mtu anayeamshwa mapema. Hewa haikuwa na pa kukimbilia.

Jumamosi mchana, Nyarubungo, wimbo wa kwanza. Nilipiga uzi wa chini kabisa na kuuacha uende. Vikombe vya chai vikatembea mezani. Shangazi wa bibi harusi akashika kifua, akaona ni mzima, akaingia kucheza. Huko nyuma ya turubai wapishi wakatoka na miiko mikononi. Mpiga kinanda, mwalimu mwenye adabu zake, akautazama mkono wake wa kushoto, kisha akautia mfukoni.

Mapumzikoni kiongozi alinijia na soda mbili. Akasema kuna harusi tatu zinafuata na ananihitaji zote. Nikamwambia nitafikiria, kwa sharti moja: sitapiga tena nikiwa nyuma ya ngoma. Akanipa pembeni. Nikakataa. Tukakubaliana mbele, kulia kwa mwimbaji. Tulilihamisha boksi watu wanne, mchana kweupe, wageni wote wakitazama, na sikumwomba radhi hata mmoja kati ya wale niliowaambia wasogeze viti.