Boksa Kwenye Chanja ya Mfano

Umma unatangaziwa kwa masikitiko makubwa kwamba kamba ya kuanikia nguo, mkazi wa uani, mwenyeji wa Newala mjini tangu enzi za mababu, haiko nasi tena. Marehemu ilizikwa chini ya matofali ya pevingi kwa heshima zote za kisasa, ikaacha vibanio visivyo na idadi na wapangaji wasio na pa kwenda. Taarifa ziwafikie walioko Masasi, ambako nako kamba, tumesikia, ina hali mbaya.

Mfiwa mkuu alikuwa Gwakisa, mwana wa Tukuyu, bwana shamba wa kata ya Makote. Mkewe Dina alibaki kwao akifundisha shule, Gwakisa akapanga Newala mjini kwa mzee Ladislaus: vyumba viwili, choo cha ndani, marumaru sakafuni, ukuta umezunguka mpaka umejikuta. Mahali pa kuegesha magari matatu palikuwepo. Gwakisa alikuwa na pikipiki. Mahali pa kuanika shati moja hapakuwepo.

Wiki ya kwanza alifunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi getini. Nguo hazijaacha kudondosha maji, mwenye nyumba akawa amesimama chini yake, mikono nyuma.

"Mtaalamu, haya madirisha ni ya alumini."

"Nimeyaona, mzee. Mazuri sana."

"Sasa unaning'inizaje chupi mbele ya alumini?"

Gwakisa akafungua kamba. Mashati na suruali akawa anampelekea Kulwa, dobi wa stendi, anayefua mpaka mapazia ya kanisa. Lakini ukutani Kulwa ameandika kwa mkaa: NGUO YA NDANI FUA KWENU. Na ana haki. Mtu mzima hampi mwenzake chupi afue, hata awe analipa. Basi boksa zikawa zinaanikwa nyuma ya friji, na asubuhi ukungu wa Newala ukipanda kutoka bondeni, hazikauki hata kwa maombi. Zilinuka kama muhogo uliosahaulika kwenye pipa. Kwenye kikao cha idara, Lois wa mifugo alisogeza kiti, kisha akasogeza tena. Gwakisa alizivaa hivyo hivyo mbichi, akapata ukurutu pale ambapo mtu hamwonyeshi nesi, akawa anatembea kama bata.

Ndipo akaikumbuka chanja.

Ile chanja ilikuwa fahari yake. Aliijenga nyuma ya nyumba ya Bibiana, ambaye wote humwita Mama Nikolao, mjane, mwanafunzi wake bora kata nzima, ili wakulima wajifunze kuanika korosho juu, kwenye hewa, mbali na mchanga na mbuzi. Jua zima, upepo wa bure, watu hakuna: kila Alhamisi asubuhi Mama Nikolao huwa mazoezi ya kwaya. Basi kila Alhamisi Gwakisa akaenda "kukagua". Anatazama kushoto, anatazama kulia, anachomoa boksa mfukoni mwa koti na kuilaza pembeni mwa korosho kama mtu anayelaza kichanga. Saa saba anarudi kuichukua, kavu, inanukia jua. Angeomba, angepewa kamba na uani wake. Lakini utaanzaje kumwambia mama mtu mzima, anayekuita mwanangu, kwamba una boksa mfukoni?

Alhamisi moja ya Novemba wingu likaja bila hodi. Gwakisa alipofika, chanja ilikuwa tupu, magunia yamefungwa, na Mama Nikolao amekaa barazani anajipepea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeziwahi zote, hata moja haikulowa."

"Zote?"

"Zote."

Gwakisa alitazama chini ya chanja. Alitazama juu ya paa. Kisha akamsifu kwa kazi nzuri, akawasha pikipiki, akaondoka akimwomba Mungu upepo uwe umeichukua.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupokea korosho kwenye ghala la chama cha ushirika. Desturi ya zamani ilikuwa kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji: zinatoka korosho chache, zinatazamwa, mambo yamekwisha. Msimu huu ni Gwakisa mwenyewe aliyepiga meza mkutanoni. Kila gunia limwagwe sakafuni! Litakalokutwa na kitu kisicho korosho lirudi lilikotoka, na jina la mwenye nalo lisomwe mbele ya wanachama wote! Alipigiwa makofi.

Bwanali, mpokeaji wa ghala, akashika gunia la Mama Nikolao kwa pembe mbili, akalimwaga. Zikamiminika korosho, ngumu, zinalia kama kokoto, na mwisho kabisa, taratibu, kama bendera iliyokosa upepo, ikashuka boksa ya kijivu yenye mpira uliolegea.

Ghala likapasuka kwa kicheko.

"Jamani, korosho za siku hizi zinavaa!"

"Mama Nikolao," aliuliza Adija kutoka kwenye foleni, "huyo mgeni wako karudije kwao?"

"Na kwaya tunaimba naye, loo!"

Bwanali aliinyanyua kwa ncha ya bambo, akaikagua. "Imekauka vizuri," alisema, maana ni mtu wa haki.

Mama Nikolao hakucheka wala hakukana. Alimtazama bwana shamba, moja kwa moja, bila kupepesa, kama anayesubiri jambo. Masikio ya Gwakisa yakachemka. Anajua, aliwaza. Miaka tisa ya ujane bila doa, na leo nimemvua nguo mbele ya kijiji kwa nguo yangu. Akafungua mdomo aseme, na kilichotoka, Mungu amsamehe, kilikuwa kanuni.

"Kitu kisicho korosho. Gunia lirudi."

Na jina akaliandika. Kalamu haikukataa.

"Haya, mwanangu," alisema Mama Nikolao. Akapiga magoti, akaanza kuzirudisha korosho guniani kwa viganja, huku wanawake waliokuwa karibu wakivuta kanga zao zisimguse.

Lile "mwanangu" ndilo lililommaliza. Angetukanwa, angevumilia.

"Ni yangu," alisema.

"Paza sauti, mtaalamu. Huku nyuma hatukusikia," alisema Bwanali.

"Boksa ni yangu! Niliianika kwenye chanja yake, yeye yuko kwaya. Naanika pale tangu Septemba. Gunia ni safi, mama huyu ni safi. Mchafu ni mimi."

Alingoja kicheko cha pili, hakikuja, na kingekuja ingekuwa nafuu. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyeanguka na baiskeli mlangoni pa msiba: wanataka kucheka, hawajui kama inaruhusiwa. Adija alishusha macho, akachutama kusaidia kuokota. Bwanali akachukua kalamu akalikata lile jina. Gwakisa naye akachutama aokote, maana huko chini angalau hakukuwa na macho ya mtu.

Mama Nikolao pekee ndiye aliyebaki amekunja uso.

"Subiri kwanza, mwanangu. Yaani ile siyo ya kazi?"

"Kazi gani, mama?"

"Mimi naiona wiki zote hizi. Narudi kwaya, naikuta, naiacha, napita zangu. Si mwaka jana ulitundika chupa za sabuni mikoroshoni, tukakucheka, na wadudu wakapungua? Nikasema huyu mtoto tusimcheke mara mbili. Nikaitia guniani makusudi, muje muisome hapa." Aliitoa kwenye bambo, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akauvuta mpira kidogo. "Muda wote nilikuwa nangoja uwaeleze hawa. Sasa ilikuwa inapima nini?"

Ghala zima likasogea kusikiliza utaalamu.

"Haipimi kitu, mama," alisema Gwakisa. "Ilikuwa mbichi."