Nyar Rusinga na Jiko la Makapi

Kabla Barnabas hajaleta mtambo wake wa dizeli, jiko la sukari nguru la pale nje kidogo ya Rongo lilikuwa na bwana mmoja tu, naye alikuwa mwanamke. Jina lake Risper, ila watu walimwita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, maana kwa Waluo mke huitwa kwa kule alikotoka hata akae kwa mumewe miaka arobaini. Moto alijifunza huko kisiwani kwa mama yake, aliyekausha samaki kwa moshi. Alijua tangu utotoni kwamba moto wa pupa huunguza nje na kuacha ndani kubichi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Miwa inapita kwenye mashine ya kukamua, maji yake yanaingia kwenye makarai manne makubwa, makapi yake yanaanikwa uwanjani. Yakikauka, ndiyo kuni. Risper aliyatia mdomoni mwa jiko fungu kwa fungu huku akisikiliza mchemko, mpaka sukari ishike rangi ya udongo wa kufinyangia. Hakuna mti uliokatwa, hakuna mafuta ya kuchemshia yaliyonunuliwa. Muwa ulijipika wenyewe. Harufu yake ilifika barabara kuu, na wapita njia walimeza mate bila aibu. Harufu ile haipo tena Rongo, na anayesema ipo anakuuzia kitu.

Mwishoni mwa tisini na saba ikaja ile mvua ambayo nchi nzima ilijifunza kuiita El Nino. Makapi yakaoza uwanjani. Jiko likawa linatoa moshi tu. Barnabas, mwenye jiko, mtu wa kuamua kabla chai haijapoa, akaenda Kisumu akarudi na fundi mmoja, Gisiri, pamoja na kichomeo cha dizeli kilichonguruma kama fahali aliyefungiwa.

"Nyar Rusinga, pumzika sasa," Barnabas alimwambia. "Hiki hakihitaji jua."

"Na mimi je?"

"Utaosha makarai. Mwisho wa mwezi tutaona."

Risper aliijua "tutaona" ya Barnabas. Walioambiwa hivyo mbele yake walikuwa wameshasahaulika. Miaka kumi na moja mbele ya lile jiko, na sasa anapewa brashi. Hakulia. Machozi hayajawahi kukausha makapi.

Kichomeo kilifanya kazi siku nne. Siku ya tano mafuriko yakabomoa daraja, na lori la dizeli likakwama ng'ambo. Dramu moja tu ndiyo ilikuwa imebaki. Uwanjani kulikuwa na mlima wa miwa ya wakulima, imeshakatwa, na isingemaliza wiki bila kuchacha.

"Mzee, chagua," Gisiri alisema, akipangusa mikono. "Dramu hii ikilisha kichomeo, mashine ya kukamua inalala. Ikilisha mashine, kichomeo kinalala."

Risper akaweka brashi chini. "Ipe mashine. Jiko niachie mimi. Nipe siku tatu."

"Utachoma nini? Mvua?" Barnabas akacheka.

"Nikishindwa naenda nyumbani leo leo, singoji huo mwisho wa mwezi wako. Nikiweza, jiko ni langu, na unijengee banda la kukaushia makapi. Mabati ishirini."

"Ishirini! Unajenga kanisa?"

"Kumi na nane."

"Kumi."

"Basi nunua mashua ufuate dizeli yako."

Wakakubaliana kumi na nne.

Alichokuwa nacho kichwani kilikuwa uchaga. Kila jikoni kwa watu, juu ya mafiga, kuna uchaga ambapo mbegu za mahindi hukaa kwenye moshi zisiliwe na wadudu. Risper akapita boma kwa boma na makapi mabichi. Chukua mizigo miwili, alisema, itandaze juu ya moto wako. Ikikauka, mmoja nirudishie, mmoja upikie. Wanawake walikuwa wamechoka kulilia ugali kwa kuni zilizolowa. Walikubali kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi ya tatu walifika wamepanga foleni, mizigo imefunikwa kwa majani ya migomba. Risper alichomeka mkono katikati ya kila mmoja. Kwa Metrine, mama yake Caleb, jirani yake wa karibu, mkono ukatoka na maji.

"Mama Caleb, mzigo wako umevaa koti kavu. Ndani umetoka kuoga."

"Yawa, Nyar Rusinga! Tangu lini mkono wako ukawa polisi?"

"Tangu kazi yangu ikae humo ndani. Kaufungue, uutandaze vizuri."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Metrine alirudi jioni na mzigo mkavu kweli, akadai na kipande cha sukari kwa kutembezwa mara mbili. Akapewa. Kidogo.

Makapi yaliyopita moshini yaliwaka kuliko ya jua. Jiko lilikohoa mara mbili, likavuta, na makarai yakaanza kunguruma ile ngurumo yake ya zamani. Miwa yote iliisha kabla haijachacha. Barnabas alisimama kando ya sukari ya kwanza, akionja kwa kidole.

"Kumi na nne, ulisema?"

"Na misumari."

"Misumari hatukusema."

"Utayafunga mabati kwa maombi?"

Banda lilisimama mvua ilipokoma. Gisiri alikipakia kichomeo akakipeleka Migori kutafuta mnunuzi, na Risper akakaa mbele ya jiko lake mpaka magoti yalipokataa. Siku hizi wanapita vijana wenye makaratasi wakifundisha watu kwamba takataka za shamba ni nishati. Anawasikiliza kwa adabu, kisha anawauliza wanakausha wapi.

Jiko lilishabomolewa. Banda lipo, chini yake wanauza vitunguu. Mabati yameshika kutu, lakini hakuna hata moja linalopepea. Kila msumari Risper aliuchagua mwenyewe.