Supachaja Niliyoifunga Bila Kupanga Kompyuta

Fundi wa Masasi hakunificha kitu. Alikuwa mama wa makamo, fundi umeme wa magari. Nilipomletea supachaja niliyoagiza Dar es Salaam, aliigeuzageuza mikononi kwanza.

"Kuifunga nitaifunga, mwalimu," alisema. "Hii inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, lakini kompyuta ya gari haina habari. Itaendelea kutoa petroli ya kipimo kile cha zamani. Lazima ipangwe upya, na hapa sina mtambo wa kuipanga."

"Nikiendesha hivyo hivyo?"

"Polepole utafika. Ukikanyaga sana, injini itaungua."

Nilitaka tu pikapu yangu ipande mlima wa Newala na magunia ya korosho bila kuhema. Ya kompyuta nikayaacha mpaka shule zifungwe. Wiki tatu gari lilipanda vizuri, nikaanza kuamini yule mama ana woga.

Kisha nikampeleka baba kijijini Nanganga kwa shangazi, dada yake. Kesho yake asubuhi ngiri yake ya siku nyingi ikamkaza tumboni. Nilimkuta amejikunja mkekani, anatapika.

"Tusubiri basi la Masasi," alisema shangazi.

"Gari langu litafika mapema," nikamjibu.

Tukamlaza nyuma, shangazi akampakata kichwa, nikaelekea hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Nilikanyaga mpaka mwisho. Haikupita nusu saa injini ikaanza kugonga, kama kokoto ndani ya debe. Niliijua maana ya sauti ile. Nikitazama nyuma namwona baba anauma shuka. Sikuondoa mguu. Pakasikika kishindo, moshi ukajaa, gari likazima.

Nikasimama katikati ya lami nikipunga mikono. Magari mawili yalinikwepa. Basi nililolikataa nalo likatupita tukiwa tumefunua boneti, limejaa hadi mlangoni. Nililia mbele ya shangazi, mtu mzima mimi. Baba alikuwa ameacha kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Lori la saruji likasimama. Tulimbeba kwa shuka.

Madaktari walimpasua mchana ule. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeshaoza, wakakikata. Aliishi, ila jembe hakulishika tena.

Siku ya nne aliniuliza gari lilikuwa na nini. Nikamweleza yote, pamoja na maneno ya fundi.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua, baba."

Akageukia ukutani. Shangazi akaniashiria nitoke nje.