Vidole Vinne Begani mwa Apiyo

Kwa miaka thelathini, kazi ya Kimotho pale Kericho ilikuwa kuwawekea watu kitu nyuma yao. Studio yake ilikuwa na mapazia matatu yaliyochorwa kwa mkono: maporomoko ya maji, ngazi za jumba la kitajiri, na ndege. Mchuma chai aliingia na gambuti zenye matope, akatoka na picha yuko chini ya bawa la ndege kama anayesafiri kesho.

Kisha Beldina, binti wa miaka ishirini na sita, akakodi kibanda ng'ambo ya barabara, akaweka kompyuta moja, na kazi yake ikawa kufuta kila kilicho nyuma ya watu. Ukimpa picha ya harusi nzima, anakuchomoa humo peke yako, anakuweka kwenye weupe mtupu kabla chai yako haijapoa. Watu walipanga foleni mpaka kwenye mtaro.

Tusifichane, Kimotho alimwonea kijicho. Alimwonea kwa ile foleni, kwa kiti chake cha kuzunguka, hata kwa kicheko chake. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," alikuwa akisema. Beldina alipobandika tangazo kwenye nguzo ya stima, Kimotho alimwambia mkewe Wacera, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na wewe chema chako kimenunuliwa na nani leo?" Wacera akamuuliza. Siku hizo watu walimjia Kimotho kwa fremu tu.

Jumatano akaingia mzee Obonyo, aliyestaafu kiwanda cha chai, amefiwa na mkewe, Apiyo. Ijumaa mwili ungetoka mochari kwenda kuzikwa nyumbani kwao kando ya ziwa, na picha ya marehemu hutangulia, imefungwa mbele ya gari.

"Fundi, niwekee hii kwa fremu," Obonyo akasema. "Kesho jioni nitatuma mtu aichukue."

Kimotho aliitambua. Aliipiga mwenyewe mwaka wa tisini na sita, Apiyo mbele, Obonyo nyuma yake, na majani ya chai mpaka mwisho wa macho. Picha ya marehemu haiwekwi mtu aliye hai, kwa hivyo Beldina alikuwa amemfuta Obonyo pamoja na chai yote. Ila begani mwa Apiyo vilibaki vidole vinne, vimekaa kama vya mtu asiyeonekana.

Heri aliyoiona Kimotho siku hiyo hajaiona tangu aoe. Vidole vinne! Hakumwambia mzee neno. Mara alipotoka, alifukua hasi ya filamu ya picha ile kwenye boksi lake, akaazima kompyuta ya binti yake Waringa, akaiingiza humo, akakaa na programu ya kufutia kama ya Beldina mchana kutwa na kesho yake, akiondoa mandhari unywele kwa unywele. Vidole akavifuta, na kitambaa cha gauni akakijaliza mahali pake. Akaitia picha yake ndani ya fremu, na ya Beldina akaigeuza kadibodi ya nyuma.

Hakungoja kutumiwa mtu. Alhamisi jioni aliibeba mwenyewe hadi kwenye nyumba ya matanga, na alipomwona Beldina ameketi na akina mama, akafurahi zaidi.

"Mzee, pole sana," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyu msichana alikuwa amekuachia makosa, vidole za mtu kwa mabega ya mama. Nimekutolea, tena bure."

Obonyo aliishika fremu, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ni safi," akasema. "Lakini mkono yangu umepeleka wapi?"

Kimotho akamgeukia Beldina.

"Beldina aliniuliza kama aitoe, nikamwambia aache. Wewe umesahau, Kimotho? Ni wewe uliniambia niweke hapo. Nilikuwa naona haya, watu wa kambi ya wafanyakazi wote wanatuangalia. Ukasema, 'Mzee, weka mkono, si ni bibi yako?' Basi nikaweka. Sikuwahi kumshika tena mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

"Ile ingine iko wapi?" Beldina akauliza polepole.

Kimotho alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaazima koleo, akang'oa misumari mmoja mmoja huku waombolezaji wakimtazama. Beldina akamshikia kioo. Picha safi ikatoka, yenye vidole ikakaa mbele.

"Baba Waringa, hiyo mkono ulikuwa umeipanga vizuri," Beldina akasema. Hakuwa na kejeli hata chembe, na ndiyo sababu ilimchoma.

Kimotho alirudi nyumbani kwa miguu, wivu bado umemkaba. Ila sasa hakumwonea Beldina. Alimwonea yule kijana wa mwaka wa tisini na sita mwenye kamera ya kukopa, aliyemtazama mtu mara moja tu akajua mkono wake unataka kukaa wapi.